KAKAMEGA: DHAHABU ILIKWENDA, SHULE IKABAKI

(Hii ni hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama na marafiki wa chama. Tunaichapa kama ilivyosemwa, ila salamu za mwanzo tumezipunguza.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti.

Nimeombwa niseme habari ya shule. Najua wako waliokuja wakidhani nitasema habari ya karo, na wengine habari ya uhaba wa walimu. Hayo tutayasema siku yake, wala si madogo. Leo nataka kusema habari ya shule moja tu, shule ya zamani ya Kakamega, iliyofunguliwa mwaka 1932 katikati ya mbio za dhahabu, na siku hizo ikiitwa Shule ya Serikali ya Waafrika. Wakati ule ilikuwa shule ya praimari. Masomo ya sekondari yalikuja baadaye. Leo ninyi nyote mwaijua kwa mpira. Mtoto wa miaka saba akisikia neno Green Commandos anaruka. Lakini nikiwauliza watu wazima waliomo humu, shule ile ilijengwa kwa fedha ya nani, naogopa nitaona wengi mkitazama chini.

Basi nitawaambia. Ilijengwa kwa senti za baba zenu na babu zenu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1920 wakoloni walihamisha makao ya wilaya kutoka Mumias wakayaleta Kakamega. Wilaya yenyewe waliita North Kavirondo, jina ambalo hakuna mwenyeji aliyewaomba watupe. Wakati huo kila mwenye nyumba alikuwa analipa kodi ya nyumba. Ilipandishwa hata ikafika shilingi 16, watu wakapiga kelele, na mwaka 1922 ikarudishwa shilingi 12. Shilingi 12, ndugu zangu, kwa mtu ambaye mshahara wake wa mwezi mzima katika shamba la setla ulikuwa hauifikii. Na kodi hiyo ilipokusanywa, kilichorudi kwetu kwa njia ya elimu kilikuwa kidogo sana. Elimu ilikuwa mikononi mwa wamisheni. Wakwekeri walikuwa Kaimosi tangu 1902, Wakatoliki wa Mill Hill walikuwa Mumias, watu wa Church of God walikuwa Kima kule Bunyore, na wenzao wa CMS walikuwa Maseno tangu 1906.

Mimi sisemi vibaya juu ya wamisheni. Wengi wetu tulishika kalamu ya kwanza mikononi mwao, na asiyemshukuru aliyemfundisha kusoma ni mtu wa ajabu. Lakini lazima tuseme kweli. Nchi ilikuwa imegawanywa kama nyama. Bonde hili la Wakwekeri, kilima kile cha Wakatoliki, ng'ambo ya mto CMS. Mtoto alipotaka kusoma aliulizwa kwanza anasali wapi. Na masomo yenyewe mara nyingi yalikuwa Biblia, kushona, useremala na kulima. Tena mwaka 1924 walikuja wakubwa wa Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, wakasema kwamba elimu ya Mwafrika ifuate maisha yake ya kijijini. Maneno hayo yalikuwa na utamu wake, lakini wazee wetu waliyaonja wakatema. Walijua ya kwamba mtu anayesema elimu yako ikae kijijini, maana yake wewe nawe ukae kijijini, na ofisi ibaki yake.

Mwaka huo huo wa 1924 serikali ilitunga sheria ya kuweka Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya. Msidhani lilikuwa bunge. Mwenyekiti alikuwa DC mwenyewe. Wajumbe wengine waliteuliwa, wengine walichaguliwa, na hata senti moja haikutoka bila wakubwa kukubali. Serikali ilikusudia mabaraza hayo yawe mahali pa kutolea manung'uniko ili watu wasiingie katika vyama kama kile kilichoanza Nyanza mwaka 1921, ambacho mkutano wake mkubwa watu waliuita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Lakini ukimpa mtu mlango mdogo, naye ana haja kubwa, atapita kwa ubavu.

Wazee wa baraza la hapa walipoambiwa ya kwamba wanaweza kutoza ushuru wao wenyewe juu ya kodi, kwa kazi za wilaya yao, walishika jambo moja na hawakuliachia: shule. Walitaka shule ya juu, isiyo ya dhehebu lo lote, itakayofundisha Kiingereza na hesabu kama zinavyofundishwa kwingine, ambayo mtoto wa Mkwekeri na wa Mkatoliki na wa Mwislamu wa Mumias watakaa benchi moja. Fedha ikakatwa. Ikawekwa. Mwaka ukapita, na mwingine. Wamisheni wengine hawakupendezwa, kwa sababu waliona shule isiyo na kanisa ni shule isiyo na Mungu. Serikali nayo ilikuwa na udhuru wake kila mara. Kisha dunia nzima ikaingia katika dhiki ya 1929, bei ya mahindi na kahawa ikaanguka, na nzige wakala kilichobaki. Lakini wazee hawakusema tugawane fedha yetu twende nyumbani. Walikaa nayo wakidai, mpaka 1932 milango ikafunguliwa.

Na si Kakamega peke yake. Kagumo, kwa ndugu zetu Wakikuyu, ilifunguliwa mwaka 1933. Kisii ilifunguliwa mwaka 1935. Shule zote tatu zilitokana na mabaraza ya wenyeji na fedha ya wenyeji. Serikali iliweka jina lake juu ya mlango, ikaleta mwalimu mkuu Mzungu, na katika ripoti zake ikajivunia. Ni kama mtu aliyekuja na kibandiko akakibandika juu ya mzigo wa jirani.

Sasa hapa yuko kijana mmoja, namwona, aliniambia jana maneno makali. Alisema, "Mzee, shule ile ilikuwa ya wakoloni. Kwa nini chama cha wazalendo kishughulike na majengo ya wakoloni? Tubomoe tujenge mapya." Nilimpenda kwa hasira yake, lakini hoja yake sikuikubali, na leo namjibu mbele ya watu kama nilivyomwahidi. Kijana wangu, fedha ilikuwa ya nani? Aliyeidai miaka yote ile alikuwa nani? Ukisema shule ile ni ya wakoloni kwa sababu jina la serikali lilikuwa mlangoni, umewapa wakoloni zawadi ambayo wao wenyewe hawakuinunua. Babu yako alitoa, nawe unamwandikia mwingine risiti.

Lakini hayo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni dhahabu.

Mwaka 1931 setla mmoja Mmarekani, L. A. Johnson, pamoja na wenzake, walipata dhahabu katika mito ya pande hizi. Kumbukeni hali ya masetla wakati huo. Mahindi hayana bei, benki zinadai, nzige wamekula. Habari ilipofika Eldoret na Nairobi walikuja kama siafu. Waliacha mashamba yao wakaja na mahema, makarai na sururu, na kufika mwaka 1933 Wazungu wapata elfu moja walikuwa wamejaa katika vilima hivi. Mji mdogo wa DC na maduka machache ukageuka mji wa migodi. Kwanza waliosha mchanga wa mitoni. Karai linazungushwa ndani ya maji, mchanga mwepesi unamwagika, kilicho kizito kinabaki chini. Mchanga ulipopungua wakaanza kufuata mwamba ardhini, na hapo ndipo makampuni makubwa yalipoingia, maana shimo refu linataka mashine, na mashine zinataka mtaji. Mgodi wa Rosterman, ambao jina lake mnalijua mpaka leo kama jina la mtaa, ulikuwa katika migodi mikubwa ya wakati ule. Waafrika waliofanya kazi ya kuchimba, kubeba na kusaga mawe walikuwa maelfu.

Na mashamba je? Wazee wetu walituambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuja, na mwenyeji akaamka asubuhi akakuta kigingi kimepigwa katikati ya wimbi lake. Mtaro ulipita kwenye mahindi. Kisima kiliingia matope. Na ardhi hii, nataka mnisikilize vizuri, haikuwa ardhi isiyo na sheria. Mwaka 1930, yaani mwaka mmoja tu kabla ya dhahabu, serikali ilikuwa imetunga Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Ilisema ya kwamba ardhi ya rizavu ni ya wenyeji milele. Neno milele lilikuwamo. Ilisema tena ya kwamba kama serikali ikihitaji kipande kwa kazi ya watu wote, baraza la wenyeji liambiwe, na watu wapewe ardhi nyingine ya ukubwa ule ule badala yake. Maafisa walizunguka wakiwaeleza watu, nao watu wakaenda nyumbani wakalala.

Milele hiyo ilikaa miaka miwili. Desemba 1932 sheria ilipelekwa katika Baraza la Kutunga Sheria kule Nairobi, ikabadilishwa upesi upesi katika siku chache. Badala ya ardhi kwa ardhi, sasa ikawa fedha. Badala ya kuliuliza baraza la wenyeji, sasa ikawa si lazima kuliuliza. Tume ya Ardhi ya Bwana Carter ilikuwa imeundwa mwaka ule ule ili ichunguze mambo ya ardhi ya Waafrika, wala ilikuwa haijatoa taarifa yake; haikutoka mpaka 1934. Hata hivyo hawakungoja. Na katika Baraza lile la Nairobi lililopiga kura, hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Mwafrika wa kwanza kuingia humo, Bwana Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Waliotajwa kuwa wasemaji wetu walikuwa Wazungu.

Walikuwako Wazungu waliokataa, nasi si watu wa kuficha wema. Archdeacon Owen wa CMS, huyu wa Nyanza, alipinga waziwazi na kuandika, hata habari ikazungumzwa katika Bunge la Uingereza mwaka 1933. Lakini sheria ilibaki kama ilivyobadilishwa.

Sasa wekeni mambo haya mawili pamoja. Mwaka ni mmoja, 1932. Mji ni mmoja, Kakamega. Baraza ni moja. Upande huu baraza la wenyeji linafungua shule kwa fedha yake. Upande ule baraza hilo hilo linanyang'anywa haki ya kuulizwa juu ya ardhi yake. Watoto wanaingia darasani kujifunza kusoma sheria, na sheria iliyowalinda baba zao inachanwa. Kama uko mahali katika nchi hii ambapo mtu anaweza kusimama akaona kwa macho kwa nini watu wetu walidai uhuru, basi ni pale. Ndiyo maana nasema shule ile ni shahidi. Watu wengine wanapenda majengo ya kale kwa uzuri wake, kwa madirisha yake na paa lake. Mimi sina habari na madirisha. Mimi nataka shahidi asifukuzwe mahakamani kabla kesi haijakwisha.

Na hapa pana jambo ambalo huwa linanifurahisha kila nikilifikiri. Wale wakoloni walidhani dhahabu itawagawa watu, huyu apate kazi mgodini, yule apate fidia, wengine wakae kimya. Ikawa kinyume. Kwa sababu ya hofu ya ardhi kilizaliwa chama, North Kavirondo Central Association, miaka ile ile ya mbio za dhahabu. Watu wa Maragoli, Isukha, Idakho, Wanga, Butsotso, Bukusu na wengineo, ambao zamani kila mmoja aliangalia kilima chake, walianza kusema kwa sauti moja, na jina la Abaluhya, ambalo chama kile kilikuwa miongoni mwa waliolitumia kwanza, likaenea. Waliandika barua mpaka London. Nani aliziandika? Waliosoma. Katika shule za misheni, ndiyo, maana shule ya Kakamega ilikuwa bado changa. Lakini wazee wa baraza walikuwa wameona mbali. Walijua ya kwamba barua moja haitoshi, na ya kwamba kila kizazi kitahitaji waandishi wake.

Sasa hesabu ya mwisho wa mambo. Dhahabu ilipungua. Wale wachimbaji wenye mahema waliondoka zamani, wengine maskini kuliko walivyokuja. Rosterman wenyewe ukafungwa mwaka 1952. Mwaka huo shule ilikuwa na miaka 20. Dhahabu yote iliyotoka chini ya mashamba yetu ilikwenda ng'ambo ikaingia katika hazina za watu, na mimi na wewe hatuwezi kuonyesha hata pete moja. Yalibaki mashimo. Mpaka leo wachimbaji wadogo wanaingia katika mashimo yale ya zamani, na kila mara tunasikia mahali fulani udongo umeporomoka juu ya vijana. Wanatwanga mawe kwa mikono na kuchanganya na zebaki, ambayo ni sumu, bila hata kitambaa mikononi. Shule haikupotea. Ilikua kutoka praimari ikawa sekondari, ikavuka Uhuru wa 1963, na leo ni shule ya taifa inayopokea watoto kutoka kila pembe ya Kenya. Senti za baraza bado zinafanya kazi.

Ningeweza kukoma hapo, kama dhahabu ingekuwa habari ya zamani. Lakini mwajua si ya zamani. Dhahabu imerudi. Mwaka 2020 kampuni ya Shanta Gold ilinunua kutoka kwa Barrick mradi wa kutafuta dhahabu wa magharibi ya Kenya, na mashapo mazito yamepatikana Isulu na Bushiangala, kule Ikolomani. Maneno ya kuhamisha watu yameanza kusemwa. Mimi sikuja hapa kupinga mgodi wala kuusifu. Chama kitakuwa na kikao chake cha jambo hilo, na wenye mashamba ndio watakaosema kwanza. Nataka tu tujue ya kwamba safari hii hatuko mahali pale tulipokuwa mwaka 1932. Katiba ya 2010 iko. Sheria ya Madini ya 2016 iko, nayo inasema ya kwamba katika mrabaha unaolipwa na mwenye mgodi, asilimia 70 ni ya serikali kuu, asilimia 20 ni ya kaunti, na asilimia 10 ni ya jamii ya mahali pale panapochimbwa. Hiyo kumi si kubwa. Wengine wanasema ni dharau. Lakini ulizeni, je, wazee wa 1932 walipewa asilimia ngapi? Walipata fidia ya kibanda na mazao. Na kwa ushuru wao mdogo walijenga shule ambayo itatimiza miaka mia moja mwaka 2032.

Sisi tutakaopewa kumi tutajenga nini? Tutakula posho za vikao? Nauliza tu. Naona wengine wanacheka, na wengine hawacheki.

Turudi kwenye jambo lenyewe la urithi. Mtu wa Kakamega akisikia neno urithi anakumbuka jiwe la Ilesi, lile Jiwe Linalolia kando ya barabara ya Kisumu. Ni vizuri. Wageni wanapiga picha, watoto wanauza ndizi. Lakini jiwe lile lilisimamishwa na Mungu, halikutugharimu kitu. Shule ilisimamishwa na watu waliokuwa wakitafuta shilingi 12 za kodi kwa taabu, kisha wakaongeza juu yake. Urithi wa namna hiyo unataka walinzi zaidi, kwa sababu haulii. Ukibomolewa usiku, asubuhi utaona jengo jipya lenye rangi nzuri, na jiwe la ufunguzi lenye jina la mheshimiwa, na kila mtu atapiga makofi.

Msinielewe vibaya. Wanafunzi ni wengi na wanahitaji vyumba. Sisemi mtoto alale nje ili sisi tutunze ukuta. Nasema kabla ya kubomoa cho chote cha miaka ile ya kwanza, pawe na watu walioulizwa. Tangu 2006 nchi hii ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi, na kwa sheria hiyo waziri anaweza kutangaza katika Gazeti la Serikali kwamba mahali fulani au jengo fulani ni kumbukumbu ya taifa isiyobomolewa ovyo. Zimetangazwa ngome na makaburi na nyumba za magavana. Mimi naona shule iliyojengwa kwa ushuru wa wenyeji ina haki kuliko nyumba ya gavana. Gavana alijengewa.

Tena urithi si kuta peke yake. Ni daftari. Mihutasari ya mabaraza yale na ripoti za wilaya zimo katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, zinasomwa na mtu ye yote aliye na subira. Nimewahi kukaa mle na makaratasi ya siku zile. Yameandikwa na DC, kwa Kiingereza cha DC, na mara nyingi anasema wajumbe walizungumza kwa muda mrefu bila kusema walizungumza nini! Lakini hata yeye hakuweza kuficha neno moja, maana linarudi kila mara: shule, shule, shule. Wanafunzi wanaosoma Kakamega leo wangepaswa kuonyeshwa karatasi hizo. Kijana akijua ya kwamba dawati lake lilianza kuwa senti ya mwanamke aliyeuza wimbi sokoni ili mumewe alipe ushuru, nadhani hatalichora kwa kisu.

Na mama zetu nitawataja hapo hapo, kwa sababu katika mihutasari ya DC hawamo kabisa. Kodi ilikuwa ya nyumba, na aliyejenga na kusiriba na kulima kuizunguka nyumba hiyo alikuwa mwanamke. Mwanamume mara nyingi alikuwa ameondoka kwenda kazini kwa setla, reli au mgodi. Mazao yaliyouzwa ili fedha ipatikane yalitoka katika jembe la mama. Kwa hiyo tukisema baba zetu walijenga shule, tunasema nusu. Na miaka mingi shule yenyewe ilikuwa ya wavulana, na bado ni ya wavulana. Waliolima hawakukaa darasani. Jambo hilo nalo shahidi wetu analijua, na haifai tumzibe kinywa kwa sababu linatuaibisha sisi.

Basi, Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo matatu, nayo yaandikwe katika muhtasari wa leo.

Kwanza, tawi lichague watu wanne, wawili wazee na wawili vijana, na angalau mmoja awe mama, waende kwa mwalimu mkuu na bodi ya shule kwa adabu, si kwa makelele, waulize ni majengo gani ya miaka ya 1930 yaliyobaki na yako katika hali gani. Wasiende na kamera za kutafuta ugomvi. Wenye shule ni wenzetu, na pengine wanajua zaidi kuliko sisi.

Pili, katibu aandike barua kwa kaunti na kwa Makumbusho ya Taifa kuuliza hatua za kuombea shule hiyo hadhi ya kumbukumbu. Barua iwe fupi. Iseme mwaka, iseme baraza, iseme fedha ilitoka wapi. Nakala ipelekwe Kagumo na Kisii, kwa sababu mambo yao ni mamoja na yetu, na tukiomba watatu tutasikiwa kuliko mmoja.

Tatu, na hili ni lenu ninyi mlioketi hapa. Wazee waliosoma pale zamani wanapungua kila mwezi. Katika nyumba zenu mna masanduku. Ndani ya masanduku mna picha za wavulana waliopanga mistari na kaptura zao, mna vyeti, mna risiti za kodi zilizokunjwa mara nne, mna barua kutoka mgodini. Msizichome mkihama nyumba. Msimpe mgeni anayekuja na gari zuri akisema ataziazima. Zileteni, tutazipiga picha hapa hapa, na mtarudi nazo jioni ile ile.

Daftari liko mezani kwa katibu tangu leo. Atakayekumbuka jina la babu yake aliyekuwa mjumbe wa baraza, au aliyesoma pale kabla ya 1952, au aliyechimba Rosterman, aandikishe kabla hajatoka. Wasiojua kuandika waseme, vijana wataandika. Katibu atakuwa pale mpaka saa kumi na moja, maana saa kumi na mbili ukumbi unatakiwa na watu wa kwaya.